Marejeo ya Umeme

Kila kiendacho kina marejeo. Maji ya bahari hupanda yakawa mawingu, hushuka yakawa mvua, na kwa njia ya mito hurudi baharini. Damu hutoka moyoni ikazunguka mwilini, na isiporudi moyoni mtu hufa. Mkondo wa umeme una sheria hiyohiyo, nao huishika kwa ukali zaidi: hauendi popote pasipokuwa na njia ya kurudi ulikotoka. Njia ikikatika, husimama palepale. Njia ikiwa nyembamba, hupita haba na kwa taabu. Maneno haya ni mepesi, na kila mwanafunzi wa fizikia huyaandika katika mtihani wake. Hata hivyo nimeona watu wenye maarifa mengi wakiyasahau mbele ya gari bovu, na nimeona kijana mmoja akiadhibiwa kwa ajili ya usahaulifu huo. Kwa sababu hiyo naandika juu ya jambo lionekanalo dogo: mahali ambapo nyaya za gari la zamani hufungwa katika mwili wake, namna ya kupatafuta, na namna ya kupafanya upya.

Mafundi wetu huita mahali hapo ethi. Neno limetoka kwa Waingereza, na maana yake ni ardhi. Jina hili lina asili yake. Mwaka 1838, katika mji wa Munich, Mjerumani Carl August von Steinheil alitambua kuwa telegrafu haihitaji nyaya mbili. Waya mmoja watosha kupeleka habari, na udongo wenyewe waweza kuurudisha mkondo. Tangu hapo jina la ardhi likashikamana na njia ya marejeo, hata pale ambapo udongo haumo kabisa. Gari husimama juu ya mipira minne, na umeme wake hauugusi udongo katika safari yake. Kifanyacho kazi ya udongo ni madini ya gari lenyewe: chesisi, injini na bodi. Wafaransa huita masse, yaani donge zima, na kwa maoni yangu wameukaribia ukweli zaidi.

Faida ya mpango huu yaonekana upesi. Shaba ni ghali, na waundaji wa magari waliona hapana haja ya kuipa kila taa nyaya mbili ilhali gari zima ni chuma kinachopitisha umeme. Basi taa ikapewa waya wake wa kupelekewa mkondo, honi ikapewa wake, na kifuta kioo kikapewa wake. Katika kurudi, wote wakaambiwa wapite barabara moja. Waya wa kwenda huvikwa gamba la plastiki, hutiwa rangi yake upate kujulikana, na hulindwa na fyuzi. Kiungo cha kurudi ni bolti moja chini ya gari, karibu na gurudumu, mahali tope linaporukia. Kitu cha mmoja kina mlinzi. Kitu cha wote mara nyingi hakina.

Marehemu baba alituachia gari aina ya Land Rover, Series III, ya mwaka 1974. Gari la kwanza la jina hilo lilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na chuma cha pua kiligawanywa kwa vipimo. Kampuni ya Rover ikaamua kutengeneza mabamba ya bodi kwa mchanganyiko wa alumini na magnesi uitwao Birmabright, na chesisi ikabaki ya chuma cha pua. Desturi hiyo iliendelea katika Series III, ambayo iliundwa toka 1971 hata 1985. Watu huisifu alumini kwa kuwa haishiki kutu nyekundu. Sifa hiyo ni ya haki, lakini haijakamilika. Alumini ikikutana na hewa huvaa ngozi nyembamba isiyopitisha umeme. Tena alumini ikigusana na chuma, na maji ya chumvi yakisimama kati yao, madini hayo mawili huwa mfano wa betri ndogo: alumini hujitoa mhanga, ikaliwa polepole na kugeuka unga mweupe. Sisi twakaa Tanga, ambako upepo wa bahari huja na chumvi yake usiku na mchana. Hivyo gari letu lilikuwa na ugonjwa wa kuzaliwa nao, kisha likaongezewa wa mahali linapokaa.

Lilikuwa pia na cheo ambacho halikuandikiwa na waundaji wake. Katika mtaa wetu ndilo lililobisha hodi katika hospitali ya Bombo saa nane za usiku, na mgonjwa hakuulizwa nauli. Baba aliweka desturi hiyo nasi tukairithi pamoja na ufunguo. Kwa hiyo taa zake hazikuwa pambo. Gari lisiloonekana nyuma yake usiku wa mvua laweza kumpeleka mgonjwa mahali asikokusudia.

Katika masika ya mwaka 2017 taa ya breki ya kushoto ilikataa kuwaka. Gari likapelekwa katika gereji moja ya mjini, na mwanagenzi mmoja, kijana wa miaka 19, akatia globu mpya. Jioni ile mambo ya ajabu yakaonekana. Ulipokanyaga breki, taa za nyuma zilitoa wekundu wa kaa linalozimika, na taa ndogo za mbele, ambazo hazikuwashwa, zikaanza kumetameta. Ulipowasha taa ndogo na indiketa kwa pamoja, taa zote za nyuma zilipepesa kama macho ya mtu mwenye usingizi. Fundi mkuu alitazama, akatoa hukumu yake.

"Umechanganya nyaya," akamwambia kijana.

"Fundi, mimi sikugusa waya. Nimebadili globu tu."

"Kabla hujaligusa lilikuwa hivi?"

Kijana akanyamaza, maana swali lile lilikuwa na sura ya hoja. Ujira wake wa juma zima ukazuiwa ili kununua swichi mpya ya breki. Swichi ikawekwa, na ubovu ukabaki. Kikanunuliwa kifaa cha kupepesea indiketa, na ubovu ukabaki vilevile. Kisha nikaambiwa kuwa gari limezeeka, na dawa yake ni kung'oa nyaya zote na kutia mpya. Usiku ule kijana alikuja nyumbani kwangu. Hakuja kuomba fedha, ingawa najua ujira ule ulikuwa unga wa nyumbani kwao. Alisema, "Mwalimu, ukiamini nimeharibu gari la mzee, nitashindwa kupita mtaani." Mimi nilikuwa na shaka juu ya hukumu ile tangu mwanzo, lakini shaka si ushahidi, na aliyehukumiwa kwa maneno matupu hakombolewi kwa maneno matupu.

Karibu nasi alikaa mzee mmoja mstaafu, ambaye kwa miaka mingi alishughulikia umeme wa magari na matrekta katika mashamba ya mkonge. Jumamosi iliyofuata alikuja na mita yake, na waya mmoja mrefu mikononi. Kijana akamwamkia, "Shikamoo, Babu." Akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu. Usifungue kitu. Kwanza gari lisemeshwe." Akafunga ncha moja ya waya katika ncha hasi ya betri, akauvuta mpaka nyuma ya gari, na ncha ya pili akaigusisha kitako cha taa. Nikakanyaga breki. Taa zikawaka nyekundu safi, na zile za mbele zikatulia. Akauondoa waya; wazimu ukarudi. Akaugusisha tena, ukaondoka.

"Mjukuu wangu," akasema, "globu yako haina kosa. Imekosa njia ya kwenda nyumbani, ikabisha hodi kwa majirani."

Maelezo ya maneno hayo ni haya. Ndani ya globu ya nyuma mna nyuzi mbili, mmoja wa wati 5 kwa taa ndogo na mmoja wa wati 21 kwa breki, na zote mbili zina kitako kimoja cha kurudishia mkondo. Kitako kikikosa ethi nzuri, mkondo wa breki hupanda katika uzi wa taa ndogo kinyumenyume, hutoka kwa waya wake, husafiri hadi taa ndogo za mbele, na kupitia huko hupata chesisi. Ndiyo maana taa za mbele ziliwaka pasipo kuwashwa. Na kwa nini maajabu yalianza baada ya globu mpya? Taa za pande zote mbili zilitumia bolti moja ya marejeo. Globu ya kushoto ilipokuwa imekufa, bolti ile ilibeba mkondo wa breki ya kulia peke yake, nayo ilififia tukasema ni uzee. Globu mpya ilipokuja, mzigo ukawa mara mbili, na njia iliyokuwa dhaifu ikashindwa mbele ya macho yetu. Kijana hakuuleta ugonjwa. Alileta taa iliyouonyesha.

Waya mrefu huthibitisha ya kuwa ethi ina ubovu, lakini hauonyeshi ubovu ulipo. Hiyo ni kazi ya mita. Mzee aliiweka katika kipimo cha volti, ncha yake moja akaishika katika ncha hasi ya betri, na nyingine katika kitako cha taa, na taa zikiwa zimewashwa. Ethi ikiwa nzima, mita husoma karibu na sifuri. Sehemu mbili za kumi za volti huvumilika. Ikifika nusu volti, ugonjwa umeingia. Yetu ilisoma volti 7 na zaidi, katika betri yenye 12 na nusu. Yaani taa ziliachiwa chini ya nusu ya haki yao, na sehemu iliyobaki ilipotea katika marejeo.

Akaeleza pia kwa nini taa lazima iwe inawaka wakati wa kupima. Waya uliokatika nyuzi zake zote ukabakiwa na mmoja waweza kuidanganya mita inayopima ukinzani bila ya mzigo. Mita itasema njia ni nzima. Mpe mtu gunia ndipo utajua kama mgongo wake ni mzima. Baada ya hapo aliisogeza ncha ya mita hatua kwa hatua: kutoka kitako cha taa kwenda waya mweusi, ambao kwa desturi ya magari ya Uingereza ndio waya wa ethi, kutoka waya mweusi kwenda pete ya shaba iliyo mwishoni mwake, kutoka pete kwenda bolti, na kutoka bolti kwenda chuma cha chesisi. Volti zilibaki zilezile mpaka kwenye pete. Alipogusa chesisi penye chuma kilichokwanguliwa, zikaanguka hadi karibu na sifuri. Ubovu ulikuwa kati ya pete na chesisi, katika nafasi isiyozidi unene wa ukucha.

Yafaa mwenye gari la zamani azijue ethi zake kuu kama ajuavyo visima vya mtaa wake. Ya kwanza ni waya mnene utokao betri kwenda chesisi. Ya pili ni utepe wa shaba unaofunga injini au gia kwenye chesisi, na huu ndio usahauliwao kuliko zote. Injini hulala juu ya mipira ili isitikise gari, na mpira haupitishi umeme. Pasipo utepe ule injini ni kisiwa. Stata yaweza kutaka ampea 200 na zaidi, na ikikosa utepe, mkondo hutafuta kebo ya choki au ya mafuta, ambayo ni nyembamba mno kwa mzigo huo. Kebo hupata moto hata gamba lake likayeyuka. Mtu asiyejua hununua kebo mpya, nayo huungua kama ya kwanza. Kisha ziko ethi za taa za mbele, za dashibodi na za taa za nyuma. Tena kabla ya kugusa chochote, atazame ni ncha gani ya betri iliyofungwa kwenye chesisi. Magari mengi ya Kiingereza ya zamani yalifungwa ncha chanya; Land Rover iliacha desturi hiyo kiasi cha mwaka 1967. Anayebadili betri bila ya kutazama aweza kuunguza alteneta kwa dakika moja.

Hesabu hufundisha ukubwa wa jambo dogo. Taa kubwa ya wati 60 hutumia ampea 5. Ikipoteza volti 2 tu katika marejeo, haipotezi sehemu ya sita ya nuru yake kama mtu awezavyo kudhani, bali karibu nusu, maana nuru ya uzi wa globu hushuka upesi kuliko volti zinavyoshuka. Kwa stata mambo ni mazito zaidi: katika ampea 200, ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu hupoteza volti 2. Kiasi hicho cha kutu chaweza kulalia chini ya washa moja, asikione mtu.

Kufanya upya ni kazi ya subira, si ya nguvu. Mzee alimwachia kijana aifanye yeye, akabaki kusimamia. Kijana akafungua waya wa ethi wa betri kwanza, spana isije ikagusa pasipopasa na kuwasha cheche. Akaimwagia bolti mafuta ya kulainisha kutu, akaingoja, kisha akaifungua. Ile pete ilikuwa imegeuka kijani, na upande mmoja umeliwa ukabaki mwembamba kama karatasi. Chini yake chesisi ilikuwa na gamba la kutu, rangi na tope. Akaukata waya mweusi kurudi nyuma hata alipokuta shaba inayong'aa, akaubana katika pete mpya na kuilehemu. Akalikwangua chuma la chesisi kwa brashi ya waya na msasa, mpaka likatoa weupe wa fedha, upana wa sarafu. Akaweka washa yenye meno, ambayo hung'ata chuma na kuzuia bolti isilegee, akakaza kwa bolti mpya, na baada ya kukaza, wala si kabla, akapaka grisi juu ya kiungo chote ili maji na chumvi visiingie. Mwisho akavuta waya mwingine mweusi kutoka kila taa hadi bolti hiyo, kwa kuwa skrubu za taa zilizoshika bamba la alumini zilikuwa zimezungukwa na unga mweupe na hazikuaminika tena. Akarudisha betri, akapima. Mita ikasoma sehemu moja ya kumi ya volti.

Gharama ya pete, bolti, washa na waya haikufika bei ya ile swichi.

Jumatatu tulikwenda gereji watu watatu, na ile pete mbovu tumeifunga katika kipande cha gazeti. Mzee hakuhubiri. Aliiweka mezani akaeleza ilikotoka, akataja volti kabla na baada. Fundi mkuu akaichukua, akaigeuza, ikavunjika vidoleni mwake ikamwachia unga wa kijani. Alinyamaza kitambo. Akafungua mtoto wa meza, akahesabu ujira wa juma lile, akampa kijana mbele yetu. Neno la kuomba radhi halikutoka siku hiyo. Fedha ilirudi, heshima ilichukua njia ndefu zaidi. Lakini miezi michache baadaye kijana aliniambia kuwa gari lolote lenye taa za wazimu linapoingia gerejini, fundi mkuu humwita yeye na kusema, "Anza na ethi." Mimi nalilihesabu neno hilo kuwa radhi, na nadhani kijana alilihesabu vivyo hivyo.

Nimefikiri mara nyingi juu ya hukumu ile ya kwanza. Haikutoka kwa mtu mwovu, wala mjinga. Ilitoka katika mazoea ya kumshika aliyeonekana mwisho karibu na hasara. Mtaani mfereji wa maji machafu ukiziba mlangoni pa nyumba moja, maji hufurika uani kwa nyingine, na mwenye ua huitwa mchafu. Darasani mtoto asiyeona ubao huitwa mvivu. Katika mambo ambayo watu wengi hushirikiana njia moja, dalili hutokea penye unyonge, na sababu hukaa penye usahaulifu. Anayepima dalili peke yake atabadili globu, swichi na wanagenzi hata mwisho wa dunia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza kuwa ufa wa ukuta wa wote hauna mwenyewe, na kwa sababu hiyo wataka macho ya kila mmoja.

Kila masika yakiisha, kijana huja na brashi yake. Twafungua bolti moja baada ya nyingine, twasafisha zilizoanza kugeuka rangi, twapaka grisi, twapima. Kazi hiyo huchukua asubuhi moja, na hapana apitaye njiani anayeisifu, maana hakuna kinachoonekana kipya. Usiku, hodi ikibishwa, twawasha gari na kwenda.